Nilivyotoa Ng'ombe Asiye Wangu

Juni 4, Jumapili

Mimi Bonaventura Lagwen wa Buger nina miaka sabini na saba. Nimeishi kuliko kaka zangu wote, kuliko mzungu wa shamba la kahawa la Oldeani aliyenipiga teke nikiwa kijana, kuliko ndigana ya ng'ombe iliyomaliza mazizi ya watu, kuliko njaa mbili, kuliko Korona na meno yangu yote ya juu. Daktari aliyeniambia nipunguze chumvi amezikwa yeye. Mimi bado nakula chumvi.

Binti yangu Benedicta anayeishi Arusha ameniletea daftari hili. Anasema mzee akiandika hasahau. Mimi sisahau kitu, lakini daftari ni zuri na sitaki liharibike bure. Kuandika nilijifunza darasa la watu wazima na nilikuwa wa kwanza.

Mahindi yamekauka, wiki hii tunaanza kuvunja. Maksai wangu wawili ndio bora Buger nzima. Mtu akipita zizini kwangu lazima asimame, hasa kwa ajili ya Mkufu, ng'ombe jike mwekundu mwenye mstari mweupe shingoni. Watu hawasemi nyumba ya Bona, wanasema kule kwa Mkufu.

Hapa naweza kusema. Mkufu si wangu. Ni wa Abraham, rafiki yangu wa ng'ambo ya korongo. Sisi Wambulu ndivyo tunavyofanya, unamweka ng'ombe wako kwa mwenzako. Yeye anamlisha, anakunywa maziwa, anachukua samadi, lakini ng'ombe na ndama wanabaki wako. Ugonjwa ukiingia zizi moja hupotezi wote. Na haitangazwi. Mwenye ng'ombe hasemi na mtunzaji hasemi. Anajua Abraham, najua mimi, anajua mke wangu Lusia, basi.

Abraham ana sababu ya kuficha. Mwanawe Nelson anakunywa, na kila kitu cha baba yake anauza. Ameuza baiskeli, ameuza cherehani ya marehemu mama yake, ameuza bati za jiko watu wakiwa shambani. Abraham anamlea Lightness, binti wa huyo Nelson, na Mkufu na uzao wake ndio wa kumpeleka Lightness chuo. Nelson anaamini baba yake hana hata mkia wa ng'ombe.

Juni 6

Ukungu. Tumevunja upande wa juu.

Juni 11, Jumapili

Leo nataka kuandika yote.

Kanisa la kigango chetu linajengwa na halina paa. Baada ya ibada katekista wetu Tobiko, Mmasai wa upande wa Ngorongoro, alisema Jumapili ya mavuno itakuwa Agosti kumi na tatu, na siku hiyo kila mtu alete alichonacho kiuzwe mnadani, pesa iende kwenye paa. Akauliza nani anaanza kuahidi.

Edson akasimama. Huyu alikuwa dereva wa watalii, amestaafu lakini kofia ya kizungu haijastaafu. Akasema natoa bando mbili za bati. Makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Edson akashika ukingo wa kofia, akageuka akaniangalia mimi.

"Na wazee wengine watusaidie," akasema. "Hata kwa kuku."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, lakini kilinifika.

Naapa miguu ilisimama yenyewe. Nikasema, "Mimi Bonaventura Lagwen natoa Mkufu."

Kelele ikatokea kama mvua ya mawe kwenye bati. Mama wa kwaya alikuja kunifunga kitenge chake mabegani. Edson alivua kofia. Tobiko alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema hajaona mzee kama mimi. Vigelegele viliniingia kichwani kama pombe kwenye tumbo tupu.

Nilikuwa na furaha. Nisiandike uongo. Siku ya harusi yangu sikuwa na furaha ile, wala siku Benedicta alipozaliwa. Nilijiona niko mrefu.

Abraham alikuwa mabenchi mawili mbele yangu. Alipiga makofi naye, polepole, bila kugeuka. Nelson alikuwa benchi la mwisho, alikuja kwa sababu alisikia kuna chai.

Njiani Lusia alitembea mbele yangu, na siku zote anatembea nyuma kwa ajili ya goti lake. Nikamwuliza, "Mama Bene, mbona unakimbia?"

"Nawahi kumkamua ng'ombe wa kanisa," akasema.

Juni 12

Ukungu mpaka saa tano. Abraham hakuja.

Juni 13

Abraham hakuja. Nimefikiri vizuri. Ni nani amemlisha Mkufu tangu ni ndama? Ni nani alimpaka dawa ya kupe? Ni nani alilala zizini alipozaa vibaya? Ng'ombe akiniona analia, akimwona Abraham anaendelea kula. Mahakama yoyote ingesikiliza jambo hilo.

Juni 15

Amekuja. Kila mwaka tunavunja shamba la mmoja halafu la mwingine, na leo ilikuwa zamu yangu. Alikuja na gunia lake begani kama kawaida.

"Mahindi yako mazuri mwaka huu, Bona."

"Mazuri."

"Naona nyani wamekula upande wa msitu."

"Wamekula."

Tulivunja mpaka saa nane. Nilikuwa nangoja aseme. Kila akifungua mdomo anasema habari za mbaazi. Alikunywa uji, akaenda zizini, akampapasa Mkufu pale kwenye mstari.

"Mimba yake ikoje?"

"Atazaa Septemba."

"Haya," akasema, akarudi kwake.

Nimekasirika sana. Mtu ana ulimi, mbona hautumii? Angenigombeza ningemjibu. Nilimwambia Lusia, Abraham ana kiburi kibaya. Lusia aliacha kupepeta, akaniangalia.

"Ndiyo, Baba Bene," akasema. "Abraham ndiye mwenye kiburi."

Juni 17

Nilikwenda Karatu kununua magunia. Kwenye kibanda cha chai kijana nisiyemjua aliinuka akasema, "Mzee uliyetoa ng'ombe, kaa hapa." Chai nimelipiwa, na maandazi. Wakataka niwaelezee, nikawaeleza. Nikiwa katikati ya maelezo nilijisikia nikisema nimetoa ng'ombe pamoja na ndama aliye tumboni. Hakuna aliyeniuliza ndama.

Juni 21

Tembo wameshuka kutoka msituni, wamekula kwa jirani. Kwangu hawakugusa.

Juni 27

Tobiko alikuja na fimbo yake kumwona Mkufu. Mmasai akiangalia ng'ombe hakuna anayesema naye. Alimzunguka, akamtazama miguu, akapiga mbinja taratibu.

"Mzee, hii ng'ombe iko na heshima. Mimi nikiwa na hii naweza kukaa hapo nje naangalia tu mpaka jua linazama."

Nikacheka. Nikasema ndiyo maana nimempa Mungu.

"Na nimesikia na ndama pia umetoa. Watu ya Karatu wanasema."

Nikasema ndiyo.

Halafu akashika sikio la kushoto, akalikunja kwa kidole gumba. "Lakini hii sikio imekatwa mbele. Hii ingine yako yote imekatwa nyuma."

Alama ya mbele ni ya ukoo wa Abraham. Nilijibu haraka kuliko nilivyofikiri. Nikasema nilimnunua Mang'ola kwa mtu aliyeacha kufuga akaanza vitunguu. Tobiko alisema haya. Ni mtu anayeamini wazee.

Alipoondoka Mkufu alinilamba mkono kutafuta chumvi. Nikauvuta mkono.

Julai 2, Jumapili

Nimeombewa kanisani kwa jina. Watu wote walisimama. Mimi niliangalia viatu vyangu, vinahitaji kushonwa.

Julai 8

Sijui kama nitamaliza kuandika hii.

Tulikuwa tunapiga maharage kwa Abraham, mimi na Lusia na yeye. Saa sita Lusia alirudi kupika, na Abraham akashuka korongoni kuchota maji. Nikabaki peke yangu na fimbo. Akatokea Nelson. Hakuwa amelewa sana, alikuwa amelewa kiasi cha kuwa mtamu. Akaketi kwenye rundo la maganda.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba."

"Mzee Bona, wewe ndiye ungekuwa baba yangu. Mtu anatoa ng'ombe kama anatoa kikohozi. Huyu mzee wangu amekaa duniani miaka yote hiyo hana hata kwato. Sasa mimi nirithi nini, hii fimbo ya maharage?"

Ilikuwa saa ya kunyamaza. Au ningesema kijana, usimtukane baba yako. Maneno hayo si magumu, hata mtoto angeyasema.

Nikacheka. Nikasema, "Baba yako ni mtu mzuri, ila kutafuta hakujua. Tulianza pamoja. Wengine tuliamka mapema."

Nelson akacheka mpaka akalala chali. Nami nikaendelea, kwa sababu anacheka. Nikasema Abraham angekuwa na ng'ombe angempa jina la Njaa. Nikasema mengine.

Nilipogeuka Abraham alikuwa amesimama kwenye mbaazi na ndoo mbili. Maji yalikuwa yametulia kwenye ndoo. Mtu aliyetoka kutembea maji yake yanacheza. Kwa hiyo alikuwa amesimama pale muda.

Akatua ndoo. Akamwambia Nelson kuna ugali ndani. Nelson akaenda. Abraham akachukua fimbo yake, tukapiga maharage mpaka jioni, yeye upande ule na mimi upande huu. Alipiga kama kawaida. Mimi kila fimbo ikishuka niliisikia mgongoni.

Nimekunywa maziwa ya ng'ombe wake miaka sita. Ninakunywa chai yake, ninaitwa tajiri kwa ajili yake, na nikamcheka kwa umaskini mbele ya mtoto anayemwibia. Naandika polepole ili nisiruke.

Julai 9, Jumapili

Sikwenda kanisani. Nimesingizia goti.

Julai 10

Goti.

Julai 13

Nimevuka korongo kwenda kwa Abraham. Nilikaa kwanza kwenye jiwe nipumzike, na hakukuwa na cha kupumzikia. Alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi ya mbegu, peke yake. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anaimba chini chini, wimbo wa kuchunga tuliouimba tukiwa watoto, na anaukosea pale pale alipokuwa anaukosea zamani. Sijawahi kumwona mtu ameridhika hivyo na hakuna mtu wa kumwona. Nilisimama nikaona wivu. Mimi mwenye kitenge cha kwaya nilimwonea wivu mtu mwenye gunzi mkononi.

Akaniona, akanisogezea kigoda.

"Abraham," nikasema, "kwa nini hukusema?"

"Lini?"

"Kanisani. Nilipomtoa."

Akaendelea kupukuchua. "Niliposikia unainuka nilijua unakwenda kusema nini. Nakujua, Bona. Ni kama kuangalia gari limekosa breki kwenye mteremko wa Manyara. Unafanya nini? Unaangalia tu."

"Ungesimama ungesema ni wako."

"Nelson alikuwa nyuma yako. Ningesema ni wangu, Jumatatu ile ng'ombe angekuwa mnadani. Na wewe ungekaaje hapa Buger?"

Kwa hiyo siku ile mtu huyu alikuwa ananifikiria mimi nitakaaje. Mimi nilikuwa nafikiri ana kiburi.

Nikamwambia habari ya maharage, kwamba nilicheka. Akasema, "Nilisikia." Nikamwambia sikujua kilichonipata. Akasema, "Wewe unajua. Mtu akikuchekea tu, wewe unamuuza hata mama yako. Tangu tunachunga uko hivyo. Nilikuwekea Mkufu nikijua hivyo, kwa sababu kwa ng'ombe una mkono mzuri. Basi nilikosea nusu."

"Sasa tufanye nini?"

Hapo akaniangalia. "Tufanye? Ng'ombe ni wangu na aibu ni yako. Kila mtu ashike chake."

Alinipa mahindi mawili ya kuchoma kwa ajili ya Lusia.

Julai 16, Jumapili

Sikwenda. Tobiko amemtuma mama wa kwaya aniletee dawa ya kuchua goti. Amelichua mwenyewe, goti zima lisilo na kitu.

Julai 20

Nimepata njia. Nitasimama siku ya mavuno nitasema ukweli wote. Nitasema ndugu zangu, mimi ni mwenye dhambi, ng'ombe huyu si wangu. Watanyamaza. Nitasema nilidanganywa na sifa. Nitapiga magoti, na goti hili la uzee, mbele ya watu wote. Nina hakika wengine watalia. Hata Edson. Haijawahi kutokea Buger mzee akajishusha namna ile.

Julai 22

Nimejaribu maneno zizini, ng'ombe wakisikiliza. Yametoka vizuri sana. Nilipofika pale pa kusema "mimi ni mavumbi" nililia kweli, nikarudia tena sehemu ile.

Nikasikia mtu anacheka. Lusia alikuwa nje ya boma na ndoo ya kukamulia. Alicheka mpaka akaishika nguzo.

"Unacheka nini, Mama Bene? Natubu hapa."

"Naona. Umetubu mara mbili pale penye machozi."

Nikamwambia anaharibu jambo la Mungu. Akaingia, akaketi kwenye kigoda chake karibu na Mkufu, akaanza kukamua. Akazungumza bila kugeuka, na mimi sikuweza kumkatiza kwa sababu ya sauti ya maziwa.

"Sasa ukishasema ng'ombe si wako, watauliza ni wa nani. Utasema wa Abraham. Nelson atakuwepo, kuna mnada na chakula. Kabla hujainuka kwenye magoti yako yule atakuwa amefika hapa na kamba. Lightness hana chuo. Lakini wewe watu watakuwa wamekulilia."

"Sitataja jina."

"Sikio litataja. Tobiko ameshaliona, na katekista hanyamazi na jambo ambalo mzee ametubu mbele ya watu. Baba Bene, mara ya kwanza ulitoa ng'ombe wa Abraham upigiwe makofi. Sasa unataka kutoa siri ya Abraham upigiwe makofi tena. Wewe ungekuwa na kitu chako mwenyewe cha kutoa, ungetoa nini?"

Nilimwambia mwanamke hajui mambo haya. Nikatoka. Nimekwenda mpaka mwisho wa shamba nikasimama kwenye mabua.

Anajua mambo haya.

Julai 23

Yote niliyoandika tarehe ishirini nimeyasoma tena. Hakuna Abraham hata mahali pamoja. Nipo mimi tu, nimepiga magoti.

Julai 25

Baridi kali. Tumepukuchua.

Julai 29

Natafuta cha kutoa. Nikitoa maksai mmoja, mwenzake hawezi kuvuta jembe peke yake, na jembe hilo ndilo linalolima kwa Abraham pia. Nitakuwa nimemwibia mara ya pili. Kununua ng'ombe mwingine kama Mkufu siwezi. Kilicho changu hasa, kisicho na mtu ndani yake, ni yule jike mzee aliyevunjika pembe. Hazai, hakamuliwi, nimemweka tu kwa sababu tumezoeana.

Na wakiniuliza Mkufu yuko wapi nitasema nini? Nimejaribu majibu mengi. Kila jibu linaloniokoa mimi linamtaja yeye, au ni uongo mwingine wa kunipendeza. Nikisema Mkufu anaumwa, watakuja kumwona, wataleta dawa. Limebaki moja tu, nalo sitaki hata kuliandika.

Agosti 5

Edson amepita njiani. "Mzee Bona, umemwogesha bibi harusi? Mwenye bucha wa Karatu anakuja, na mimi mwenyewe naleta dau." Nikasema haya. Hakumaanisha ubaya. Nimeona miaka yote nilikuwa nadhani Edson ni adui, kumbe ni mtu anayependa kusifiwa tu, kama mtu fulani.

Agosti 12

Nimewaza kuugua kweli. Sikuugua.

Agosti 13, Jumapili ya Mavuno

Nilimtoa yule jike mzee alfajiri ili tusionwe njiani, lakini anatembea polepole, tukafika watu wamejaa. Kulikuwa na magunia ya mahindi, mbaazi, mbuzi, majogoo, maboga, keki moja kutoka mjini. Walikuwa wamepamba nguzo moja kwa maua ya njano, mahali pa kumfunga Mkufu. Nikamfunga yule jike mzee pale. Akaanza kula maua.

Kwanza walidhani nimekuja na ng'ombe wawili. Wakawa wanaangalia barabarani nyuma yangu. Tobiko akaja anatabasamu.

"Mzee, Mkufu inakuja na nani?"

Nikasema, "Haji."

"Iko mgonjwa?"

"Mzima. Nimebadili mawazo. Nilipofikiri vizuri nilimwonea uchungu, nikaona niwaletee huyu."

Hilo ndilo jibu. Nilikuwa nimelikariri kama sala, na lilipotoka lilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Tobiko hakuelewa. Nikalirudia kwa sauti, na sasa wengi wakasikia. Hakuna aliyezomea. Ingekuwa nafuu. Wakaanza kuongea wao kwa wao. Mama wa kwaya aliangalia mabega yangu. Nilikuwa nimevaa kile kitenge chake, kwa sababu Lusia alisema kuna baridi, na sikukumbuka mpaka alipoangalia. Nikakivua nikampa. Akakipokea, akakikunja, akasema asante. Alisema asante.

Tobiko alimwangalia yule jike mzee, akaniangalia mimi. "Mzee," akasema taratibu, "tulikuombea wewe kwa jina." Akaondoka kwenda kwenye magunia.

Mnada ulipofika kwangu, Edson alishika kipaza sauti. "Jamani, huyu ni wa sadaka au wa kuzikwa?" Watu wakacheka, na mimi ingekuwa zamani ningejibu kitu na wangecheka upande wangu. Ninajua hata ningejibu nini, maneno yalifika mpaka kwenye ulimi. Nikayameza.

Nelson alikuwepo. Akapaza sauti, "Mzee Bona, kumbe mkono wako mfupi kuliko wa baba yangu. Yeye hana, wewe unacho na kinakung'ang'ania." Watu wakacheka tena. Alisema kweli bila kujua hata nusu yake.

Abraham alikuwa ameketi na Lightness karibu na maboga. Nilimwangalia mara moja tu. Nilitaka aniangalie, nisidanganye. Nilitaka hata apepese ukope. Alikuwa anachagua boga, analigonga na kidole. Hakuniangalia. Nikaelewa kwamba hata kwa hilo nilikuwa naomba makofi.

Mwenye bucha alimchukua yule jike kwa bei ya huruma. Nilimfungua mwenyewe nikampa kamba.

Njia nzima ya kurudi Lusia alitembea pembeni yangu. Karibu na nyumbani akasema, "Goti linakuuma kweli leo?"

Nikasema kweli.

Agosti 14

Watoto wa shule wakinipita wananiita Mzee Nimebadili Mawazo.

Agosti 17

Sikutoka.

Agosti 19

Nilikwenda kwa Abraham kumalizia mahindi kwa sababu ni zamu yake, na zamu haiulizi aibu. Tulikaa nyuma ya nyumba na rundo katikati. Hatukusema lolote la Jumapili. Lightness alituletea chai ya rangi, akacheka kwa sababu nilikuwa na maganda kichwani. Nikapukuchua. Baada ya muda nikaona rundo limekwisha na jua limehama, na nikagundua kwamba muda wote ule sikuwa nimejifikiria. Nilikuwa napukuchua tu na Abraham anakosea wimbo wake. Nilipotambua kwamba nilikuwa na furaha, ikaisha, kwa sababu nilianza kujiangalia nilivyo na furaha. Labda ndivyo ilivyo kwa watu kama mimi. Tunaipata kwa bahati, tukiwa hatuangalii.

Nilimwuliza, "Abraham, wewe raha yako nini?"

Akafikiri. "Kazi imekwisha na hakuna anayeniita."

Nilitaka kucheka lakini nikaona hakutania.

Agosti 26

Abraham alikuja asubuhi kukiwa na ukungu, watu hawajaonana, na kamba mpya. Nilijua. Nilimsaidia kumfunga Mkufu. Akampapasa kwenye mstari, mimi nikampapasa upande wa pili, na tumbo lake limeshuka, amebakiza wiki mbili au tatu.

"Nampeleka mahali," akasema.

Sikuuliza wapi. Miaka yote kabla ya hapo angeniambia. Angeniambia bila kuulizwa.

"Una mkono mzuri kwa ng'ombe, Bona," akasema. "Hilo sijalifuta."

Wakaingia kwenye ukungu. Mkufu aligeuka mara moja akalia, kwa sababu chumvi yake huwa namwekea saa ile. Niliposikia mlio umekwenda mbali sikujaribu kujua ni upande wa Oldeani au upande wa bondeni. Niliziba masikio kwa mikono, kweli, kama mtoto, ili nisijue.

Lusia amepika chai ya rangi. Tumekunywa.

Septemba 2

Watu wanaopita sasa wanaona zizi lina maksai wawili tu. Wanasema Bona amemuuza Mkufu kwa siri, amekula pesa. Jana Tobiko alipita bila kuingia.

Daftari hili nampa Benedicta akija aende nalo Arusha, alifungie huko, asimsomee mtu wa Buger. Akitaka kujua kama baba yake ameandika kweli, amwulize mama yake, ambaye alisikia yote na kuyaona, na hatanipunguzia. Kuhusu siku ya mavuno, awaulize Tobiko na Edson na mama wa kwaya na kigango kizima. Wote wataapa kwamba mimi niliahidi mbele ya Mungu nikarudisha mkono kwa uchoyo. Asiwabishie, walichokiona ndicho nilichowaonyesha. Abraham anajua yote tangu mwanzo, lakini huyo asiulizwe mbele ya watu.